Bi. Deodatha Kantengwa na Majalada Yenye Majina ya Watu

Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Bi. Deodatha Kantengwa, Mtunza Masjala wa Kampuni ya Kukoboa Kahawa Rwenkende hapa Kaisho, anastaafu kwa umri baada ya kuitumikia kampuni kwa miaka thelathini, miezi minane na siku ishirini na saba. Hiyo ni hesabu yangu, niliyoitoa kwenye barua yake ya ajira ya tarehe 3 Oktoba 1994. Yeye anasema ni miaka thelathini na moja, kwa sababu alianza kuja kazini kabla barua haijaandikwa, na barua yenyewe aliiandika yeye kwa mkono wake kwa kuwa mwandiko wa meneja wa wakati ule ulikuwa hausomeki. Nimejaribu kuoanisha hesabu hizi mbili nikashindwa. Wasomaji wa jarida letu wachague wanayoipenda.

Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu nimekaa naye ofisi moja kwa miaka mitatu, mimi Privatus, Afisa Utawala. Kwa haki ya Mungu nilipaswa kuwa mtu wa mwisho kuombwa. Katika miaka hiyo mitatu sijawahi kuielewa vizuri kazi ya huyu mama, na mwezi Januari mwaka huu nusura niifute yote kwa mikono yangu, na kiwanda pamoja nayo. Meneja wetu, Bw. Elpidius, amenikubalia niyaeleze hayo hadharani. Alisema yeye mwenyewe hakufanya vizuri sana mwezi ule, kwa hiyo tusimame wote wawili mbele za watu.

Bi. Deodatha alizaliwa hapa Kaisho mwaka 1965, mtoto wa nne wa mzee Harerimana, ambaye alivuka kutoka Rwanda akiwa kijana, akalima vibanja vya watu mpaka akapata cha kwake. Alimaliza darasa la saba akiwa na mwandiko ambao hadi leo unawatia aibu wenye vyeti vya chuo, mmoja wao mimi. Kazi yake ya kwanza kwetu ilikuwa kuchambua kahawa. Siku moja, akiwa ameketi kwenye turubai na ungo mapajani, alimsikia mpima mizani akimwandika mkulima kwa jina la ndugu yake. Alinyanyuka, akataja jina la mkulima, la baba yake na la kilima anakokaa, kisha akarudi kwenye ungo wake. Meneja wa wakati ule alikuwa mlangoni. Kufikia Krismasi binti yule alikuwa ndani ya ofisi akiandika stakabadhi, na mwaka 1995 akakabidhiwa funguo za kabati la chuma la masjala.

Aliyewahi kuleta karatasi ofisini kwetu anajua utaratibu. Unasalimiwa, unaketishwa, unaletewa chai. Unaulizwa wewe ni mtoto wa nani na nyumbani wanaendeleaje. Karatasi uliyokuja nayo haiguswi mpaka hayo yaishe. Yuko mkaguzi mmoja aliyetoka mjini na haraka zake, akanywa vikombe viwili, akajibu maswali yote ya ukoo wao, akaondoka ameridhika sana, na alipofika Rubwera ndipo akakumbuka kwamba barua aliyokuja kuikabidhi bado iko mkobani. Alirudi kwa bodaboda. Akapewa chai tena.

Kisha kuna kabati lenyewe. Siku yangu ya kwanza nililifungua nikitafuta jalada la leseni. Halikuwapo. Nikatafuta la kodi, halikuwapo. La mikataba, la vibali, la bima, yote hayakuwapo. Yalikuwapo majalada ishirini na saba, na kila moja limeandikwa jina la mtu: Manirakiza, Adela, Benadeta, Mutabazi, na wengine. Nilidhani ni majalada ya wafanyakazi. Nikafungua la Benadeta, mpishi wetu, nikakuta cheti cha zimamoto. Nilipouliza, Bi. Deodatha alinitazama kwa huruma akasema, «Si Benadeta ndiye aliyezima moto wa mwaka 2003?» Kibali cha maji kilikuwa kwa Manirakiza, kwa sababu yeye ndiye aliyeichimba chemchemi. Cheti cha mizani kilikuwa kwa Adela, kwa sababu mizani ikipotoka hata kidogo Adela ndiye hupiga kelele za kusikika mpaka barabarani. Bi. Deodatha alikuwa akipata karatasi yoyote kwa dakika moja. Mimi ilinichukua saa nzima, na mara nyingi niliishia kuomba msaada.

Majalada kumi na moja kati ya hayo yalikuwa na msalaba mdogo wa wino mwekundu kwenye kona ya juu. Niligundua baada ya muda kwamba hao ni marehemu. Sikuuliza zaidi. Nilijiambia kwamba mtu akifa, jambo lake limefungwa, na msalaba ndio alama ya kufunga. Kumbukeni hapo, kwa maana hapo ndipo nilipopotelea.

Jambo jingine lililonichanganya ni likizo zake. Kila mwaka aliomba siku moja moja, jumla siku kumi na moja, na kwenye nafasi ya sababu aliandika neno lile lile: kuhani. Afisa aliyenitangulia alikuwa ameandika pembeni kwa penseli, «Huyu mama ana misiba mingi mno.» Nami nikaona hivyo hivyo, nikawa namwonea huruma, nikamsainia.

Sasa nije kwenye mwezi Januari. Wote tunajua hali ilivyokuwa. Mashine ya kukoboa, iliyofungwa mwaka 1995, iliharibika mara tatu msimu uliopita, na wakulima wakaanza kupeleka kahawa kwingine. Bila mashine mpya kabla ya msimu wa mwezi Mei, kiwanda kingefungwa na watu arobaini na wawili tungerudi nyumbani. Benki moja ilikubali kufikiria mkopo, lakini kwanza ilitaka kuzikagua nyaraka zetu zote. Tarehe 14 Januari ikafika orodha yake: vipengele sitini na vinne, katika makundi tisa. Katiba ya kampuni, hati ya usajili, orodha ya wanahisa, mihtasari ya vikao vya bodi, leseni, vibali, bima, mikataba, na juu ya yote, uthibitisho wa umiliki wa ardhi ambapo mashine itafungwa. Wakaguzi wangefika tarehe 10 Februari.

Kazi ya kupanga nikapewa mimi. Niliisoma orodha mara tatu. Kuna mahali waliuliza kwa nini kampuni ilihama wilaya mwaka 2012, maana hati za zamani zinasema Karagwe na mpya zinasema Kyerwa. Nilitumia siku nzima kuwaandikia kwamba kiwanda hakijasogea hata hatua moja, wilaya ndiyo iliyogawanywa. Wakajibu kwa kuomba waraka unaothibitisha kwamba hatujahama. Hadi leo sijui waraka wa namna hiyo unafananaje.

Katikati ya hekaheka hiyo Bi. Deodatha akaomba ruhusa ya siku nne kwenda msibani Kihanga, kwa familia moja ya huko. Nikamwambia nenda Mama, pole sana, hapa tutamudu. Mlango ulipofungwa nikaona nafasi yangu imefika. Nilinunua maboksi tisa na lebo za rangi. Nikayatoa majalada yote ishirini na saba, nikayamwaga kwenye sakafu ya ghala, nikaanza kuyapanga upya kwa kufuata orodha ya benki. Ya walio hai niliyafumua karatasi moja moja. Yale kumi na moja ya msalaba sikuyafungua hata moja. Niliyatia kwenye magunia mawili, nikaandika «Kumbukumbu za zamani», nikayaegesha nje ya mlango wa ghala ili kesho yake yapelekwe stoo.

Kila mfanyakazi wa Rwenkende anajua gunia likiwekwa nje ya mlango ule ni la nani. Mimi peke yangu, mwenye ofisi yenye kapeti, ndiye niliyekuwa sijui. Ni la Cleophace. Cleophace huchukua makapi ya kahawa kila asubuhi akatandaze kwenye migomba yake, na kampuni humpa bure kwa sababu vinginevyo yangetujaa. Asubuhi ile alikuta magunia mawili mazito, akamshukuru Mungu, akayapakia.

Siku ya tano Bi. Deodatha akarudi. Alisimama mbele ya maboksi yangu tisa yaliyong'aa, akayasoma lebo moja baada ya nyingine, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, «Wako wapi marehemu?» Nikamwambia pole sana Mama, Mungu awapumzishe, nikidhani bado ana mawazo ya Kihanga. Akauliza tena. Nikampa pole tena. Mara ya tatu akagusa kona ya juu ya meza kwa kidole na kuchora msalaba, ndipo nikaelewa. Nilikimbilia stoo. Kisha nikakimbilia kwa Cleophace.

Nilimkuta katikati ya migomba na jembe lake. Akanisalimia kwa heshima zote. «Waitu, nilishangaa kidogo,» akasema, «nikaona makaratasi na majalada, nikasema hawa leo wamenifanyia vizuri, karatasi inazuia majani yasiote.» Alikuwa ameyatandaza vizuri kweli, shina kwa shina, akayafunika kwa makapi, na mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Tulifukua hadi jioni, yeye, mimi na mke wake. Nilirudi na gamba moja lenye msalaba na viganja viwili vya kitu kama uji. Nilikaa kando ya barabara nikalia, sioni haya kusema.

Nilitegemea Bi. Deodatha atafoka. Hakufoka. Kwa mara ya kwanza nilimwona yeye ndiye aliyechanganyikiwa. Alikaa kwenye kiti chake, mikono kwenye magoti, akinitazama kana kwamba mimi ni karatasi asiyojua aiweke kwa nani. Kisha akanieleza kile ambacho kwa miaka mitatu sikukiuliza. Karatasi kwake haikuwa mali ya kabati. Kila moja ilikuwa na mtu anayeweza kuisemea: aliyeitoa, aliyeishuhudia, aliyeihangaikia. Ukitaka kujua ukweli wake unakwenda kwake. Akifa, kampuni haijamalizana naye. Inabidi iende kwa watoto wake iseme, jamani, tulikuwa na makubaliano na baba yenu, bado tunayakumbuka. Msalaba ulikuwa na maana hiyo. Ulikuwa unasema hapa kuna mahali pa kwenda.

Na yeye alikuwa anakwenda. Zile siku kumi na moja za kuhani alizotoa kwenye likizo yake kila mwaka zilikuwa ziara za familia kumi na moja. Alifika siku ya kumbukumbu ya kifo, akaketi na wenyeji, na kabla ya kuaga wakatoa kwenye sanduku nakala yao ya karatasi, wakaisoma pamoja. Karatasi ya kwetu ikiwa na nakala kwenye sanduku la familia, katikati ya vyeti vya ubatizo, kumbe haijapotea. Kwa siku sita mfululizo tulizunguka na pikipiki, kutoka Kaisho hadi vijiji ambavyo sikuvijua, tukazikusanya zile nakala. Kila tulikofika walimpokea kama shangazi aliyerudi, na mimi nikatambulishwa kama kijana aliyepoteza karatasi. Wote walinihurumia sana, na hilo liliuma kuliko kutukanwa.

Nakala kumi hazikuwa na shida. Ya kumi na moja ndiyo iliyokuwa nayo. Ilikuwa ya marehemu Mutabazi, na msiba ule wa Kihanga ulikuwa wa mjane wake. Yaani siku ile nilipolitoa jalada la Mutabazi nje ya mlango, Bi. Deodatha alikuwa amesimama kwenye kaburi la mke wa Mutabazi. Binti yao, Kayitesi, ndiye aliyebaki na sanduku. Karatasi ilikuwa ya mwaka 1995, fupi, ya mkono. Ilisema kipande cha ardhi inapofungwa mashine ni cha Mutabazi, kampuni imeazimwa ikitumie akiwa hai, na akifa kampuni ikakae na watoto wake wapatane upya. Mutabazi alifariki mwaka 2009.

Hatimiliki yetu, ile tuliyoitegemea mbele ya benki, ina uwanja, ghala na ofisi. Mashine haimo. Kwa miaka kumi na sita tumekoboa kahawa juu ya ardhi ya watu, na ndani ya kampuni aliyejua ni mtu mmoja. Si kwamba alinyamaza. Aliwaandikia mameneja watatu kwa nyakati tofauti, jumla madokezo matano, na kila dokezo lilirudi na mhuri, saini na neno moja: «Imeonekana.» Madokezo hayo nayo yaliishia kwa Cleophace.

Tulipomwonyesha Bw. Elpidius alishika kichwa. Ni haki niseme kwamba alikuwa anafikiria watu arobaini na wawili. Alisema tuwape benki hatimiliki tuliyonayo, hawatapima hatua kwa hatua, msimu ukipita tutazungumza na watoto wa Mutabazi kwa utulivu. Nami niliona maneno hayo yana mantiki, Mungu anisamehe. Bi. Deodatha alisikiliza mpaka mwisho, akachukua nakala ya Kihanga, akaiweka ndani ya boksi namba moja, juu kabisa. «Wakiniuliza mashine imesimama juu ya nani, nitawaambia,» akasema. Meneja akamwambia anawanyang'anya watu kazi miezi mitano kabla yeye mwenyewe hajaondoka na mafao yake. Bi. Deodatha akaenda kumpokea mtu aliyeleta karatasi, akamwagizia chai.

Wakaguzi walikuja. Mkuu wao, Bi. Celestina kutoka Mwanza, alifungua boksi namba moja na kuisoma ile karatasi mara mbili. Akauliza kama mtu huyu Mutabazi anaweza kupatikana. Bi. Deodatha akamwambia amefariki, mkewe naye amezikwa mwezi uliopita, binti yuko Kihanga, na nauli ya kwenda na kurudi ni hivi. Bi. Celestina akaandika kitu kirefu. Hakutabasamu wala hakukasirika, na mimi nilishindwa kabisa kumsoma. Mwisho akasema benki inatupa siku sitini tulete mkataba halali na wenye ardhi. Usipopatikana, hakuna mkopo. Bw. Elpidius alibaki amesimama na kalamu mkononi muda mrefu baada ya gari lao kuondoka.

Basi kiwanda chote kikawa mikononi mwa Kayitesi. Meneja alikwenda Kihanga na mwanasheria na barua yenye nembo. Kayitesi akawapokea, akasikiliza, akasema hapana. Wakarudi wiki iliyofuata na barua nzuri zaidi, akasema hapana kwa upole uleule. Ilipobaki wiki tatu, Bi. Deodatha akaniambia nivae viatu vya kutembea, tunakwenda. Hatukubeba barua.

Tulifika asubuhi, tukakuta maharage yamemwagwa kwenye mkeka. Bi. Deodatha akakaa na kuanza kupura na kupepeta, nami nikafanya vivyo hivyo ingawa kazi yangu ilirudiwa na watu wengine. Kutwa nzima hakuna aliyetaja ardhi. Walimzungumzia marehemu mama, ng'ombe mgonjwa, harusi ya mtu nisiyemjua. Nilikuwa naangalia saa kila dakika tano, nikihesabu siku zilizobaki, nikijiuliza tumekuja kufanya nini. Alasiri ndipo Kayitesi mwenyewe akaanza. «Baba alipofariki kampuni haikuja,» akasema. «Mama alipofariki kampuni haikuja. Wamekuja walipotaka saini. Aliyekuja ni wewe Mama, na wewe sina neno nawe.»

Bi. Deodatha akaweka ungo chini. «Mwanangu,» akasema, «mimi nilikuwa nakuja na karatasi ya nani?»

«Ya kampuni.»

«Na kila mwaka nilikuwa nasema nimetumwa na nani?»

Kayitesi akasema, taratibu, «Na kampuni.»

Ndugu wasomaji, mimi ndiye niliyesaini fomu zile za likizo. Hakuna aliyemtuma. Hakuna meneja aliyewahi kumwambia nenda Kihanga, wala kumpa nauli, wala kumuuliza alikotoka. Alitumia siku zake za mapumziko, mara kumi na moja kwa mwaka, akaenda kusema kwa niaba yetu maneno ambayo sisi hatukuwa tumeyafikiria, na familia zile zikaamini kwamba kampuni ya Rwenkende ina adabu. Sijui niite jambo hilo uongo au niite nini. Nimelifikiria tangu Machi. Ninachojua ni kwamba Kayitesi alisema sawa, atakodisha.

Alitoa masharti mawili. La kwanza, mimea ya miramula ipandwe upya kwenye mipaka ya kipande kile, ili hata mtoto apite ajue ardhi ya Mutabazi inaanzia wapi. Ilipandwa wiki ileile, na Bw. Elpidius alichimba mashimo mawili yeye mwenyewe, akiwa na tai shingoni. La pili nilikuja kulisikia siku ya kusaini, Rubwera, katika ofisi za wilaya, mkataba wa miaka thelathini na mitatu ukiwa mezani.

Mwanasheria wetu alikuwa amesoma mpaka kipengele kinachosema taarifa zote zitapelekwa kwa Katibu wa Kampuni. Kayitesi akamsimamisha. Alisema hamjui mtu anayeitwa Katibu. Anataka jina. Mwanasheria akaeleza kwamba vyeo hubaki na watu hubadilika, ndiyo maana huandikwa cheo. Kayitesi akasema ndiyo hiyo shida yenyewe. Kila mtu mle ndani akamgeukia Bi. Deodatha, naye akatikisa kichwa, akasema yeye anaondoka Juni, asiandikwe. Akaninyooshea kidole. Nikatazama nyuma yangu kuona anamnyooshea nani.

Jina langu likaandikwa. Kayitesi alinitazama kutoka viatuni mpaka kichwani, akamgeukia Bi. Deodatha na kumuuliza kwa Kiswahili, ili nami nisikie, «Na huyu akituacha?» Bi. Deodatha akamjibu kwa Kinyarwanda, sentensi moja ndefu. Wakacheka wote wawili mpaka afisa wa wilaya akaacha kugonga mhuri. Mimi ni mtu wa Muleba. Kinyambo nakisikia, Kinyarwanda sipati hata neno.

Mkopo ulitoka mwishoni mwa Aprili, mashine mpya imefungwa na inakoboa, kama mnavyoisikia mnaposoma haya. Maboksi tisa yapo kwa ajili ya benki. Na kabatini yamerudi majalada ishirini na saba kwa ajili ya watu, maana kila karatasi sasa ina nakala mbili. La Mutabazi limefunguliwa upya. Orodha ya wahusika ameniandikia Bi. Deodatha kwa mwandiko wake ule, kurasa kumi na nne, na nimefika ya sita bila kuelewa kwa nini bima ya gari iko kwa mwenyekiti wa kwaya.

Wiki iliyopita alipokuwa ananikabidhi funguo nilimuuliza tena alimwambia nini Kayitesi siku ile. Ilikuwa mara ya tatu kumuuliza. Akacheka, akafunga mkoba wake, akasema, «Kamuulize mwenyewe. Ila uende siku ambayo huna unachokwenda kuomba.»

Mama Deodatha, uongozi na wafanyakazi wenzako wote wa Rwenkende tunakushukuru kwa kila karatasi uliyoipokea na kila mlango uliobisha kwa jina letu. Tunakuombea afya, mavuno na siku nyingi za likizo ambazo safari hii ni zako peke yako. Ukisikia tumepotea tena, usihangaike kuja. Tutakuja sisi.

Privatus,
Afisa Utawala